"Umeeleza, hujadai kitu": nitapataje hoja kuu ya insha ya kukomeshwa kwa utumwa?

Shikamooni walimu wa safu hii.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili hapa Mtwara, nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Tumepewa insha ya maneno 2,500 kuhusu utumwa na kukomeshwa kwake Afrika Mashariki, na tumeruhusiwa kuiandika kwa Kiswahili. Ya kwanza nilipata 38 kwa 100. Nilitaja mkataba wa Moresby wa 1822, wa Hamerton wa 1845, kufungwa kwa soko la Unguja mwaka 1873, wamisionari, mapinduzi ya viwanda, vyote. Mhadhiri hakusahihisha sana, ila chini kabisa kaandika kwa wino mwekundu: "Umeeleza, hujadai kitu. Niletee hoja kuu kwa sentensi moja."

Nimempelekea sentensi mbili na zote kazikataa. Ya kwanza: "Utumwa ulikuwa unyama mkubwa dhidi ya Mwafrika." Pembeni kaandika, "Nani anabisha?" Ya pili: "Biashara ya watumwa ilikomeshwa kwa sababu za kiuchumi, kisiasa na kijamii." Hiyo kaipigia mstari na kuweka alama ya kuuliza, basi.

Tangu sekondari tumezoea utangulizi, hoja sita na hitimisho, na alama tulikuwa tunapata. Sasa sielewi hoja na hoja kuu zinatofautianaje. Halafu ningependa insha iguse huku kwetu kusini, maana Mikindani ni jirani tu. Lakini mama mkubwa ameniambia nisithubutu kwenda kuwauliza watu nani alikuwa mtumwa wa nani, nitaleta ugomvi. Nina wiki tatu. Nianzie wapi?

Mwanachuo, Mtwara

*

Marahaba, mwanetu. Zile hoja sita hazikuwa bure, ila zilikuwa jibu la swali la "taja na ueleze". Hoja kuu hujibu swali la namna nyingine: lile ambalo watu wawili waliosoma nyaraka zilezile wanaweza kulijibu tofauti, na kila mmoja akawa na ushahidi mkononi. Sentensi yako ya kwanza ni ya kweli, na hatutaki uiache moyoni mwako hata siku moja. Ila igeuze uone: "Utumwa haukuwa unyama." Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama upande huo, kwa hiyo hakuna cha kubishania. Ya pili nayo igeuze: "Haikukomeshwa kwa sababu za kiuchumi, kisiasa wala za kijamii." Zimebaki sababu gani tena? Sentensi inayobeba kila kitu haidai chochote. Ungeweza kuibandika juu ya vita vya Majimaji au juu ya uhuru wa 1961 na isingebadilika hata neno.

Kabla ya kutunga sentensi ya tatu, tenganisha mambo matatu ambayo insha za wanafunzi huyachanganya karibu kila mara. Kuna kusafirisha na kuuza watu. Kuna hadhi ya utumwa mbele ya sheria, yaani kadhi au hakimu kukubali kwamba fulani ni mali ya fulani. Na kuna maisha yenyewe: nani analima shamba la nani, siku ngapi kwa juma, na akiondoka anafuatwa au hafuatwi. Mambo hayo matatu hayakuisha siku moja, wala mwaka mmoja, wala kwa amri ya mtu mmoja.

Chukua karatasi uyapange kwa tarehe. Mwaka 1822 Seyyid Said alikubali kutowauzia Wakristo watumwa, lakini soko la Waislamu likabaki wazi. Mkataba wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ulizuia kuwapeleka Uarabuni, huku ukiruhusu vyombo kuwabeba kati ya Kilwa na Lamu, Unguja na Pemba zikiwemo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na John Kirk, konseli yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza huko Unguja, na manowari za Kiingereza, alipiga marufuku usafirishaji wote wa baharini na kufunga soko la Unguja. Misafara ikahamia nchi kavu, kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mpaka mwaka 1876 akalazimika kutoa amri nyingine dhidi ya hiyo misafara. Unguja na Pemba hadhi ya kisheria ilifutwa 1897, lakini masuria waliachwa nje mpaka 1909. Na huku kwetu bara? Wajerumani waliiteka Kilwa, Lindi na Mikindani Mei 1890, wakatawala zaidi ya miaka ishirini na mitano bila kuufuta utumwa wenyewe. Amri yao ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo na kumpa siku mbili kwa juma za kufanya kazi zake. Nyingine ikasema watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyeufuta utumwa kwa sheria Tanganyika ni Mwingereza, mwaka 1922.

Ukishamaliza orodha hiyo usiifanye insha, hapo ndipo ulipokwama mara ya kwanza. Itazame mpaka uone mahali panapogoma. Sisi tunaona mawili. La kwanza: kati ya 1822 na 1873 mikataba iliongezeka, na biashara ikaongezeka pia. Makadirio ya makonseli wa Kiingereza ya miaka ya 1860 yanazungumzia watu karibu 20,000 kwa mwaka wakipita forodha ya Unguja, wengi wao kutoka Kilwa, kwa sababu mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa yanataka mikono. La pili: toka 1873 mpaka 1922 ni miaka 49. Aliyezaliwa utumwani karibu na Lindi mwaka ule soko la Unguja lilipofungwa angeweza kuwa na wajukuu kabla sheria haijamtaja. Basi nani, au nini, kiliumaliza utumwa kusini katika hiyo miaka 49?

Hilo sasa ni swali. Baki nalo, kwa sababu linakuweka kwenu na linakutoa kwenye hadithi ya Kirk na Barghash, ambayo imeandikwa hadi imechoka. Angalia sentensi inavyokua, tunakuonyesha hatua kwa hatua ili uone kila neno linafanya kazi gani.

Jaribio la kwanza: "Mkataba wa 1873 haukumaliza utumwa." Tayari inaweza kubishiwa, lakini ni ya kukanusha tu. Inasema kisichokuwa, haisemi kilichokuwa. Mwalimu atauliza, "Kama siyo huo, ni nini?"

La pili: "Watumwa wenyewe ndio waliomaliza utumwa Afrika Mashariki." Hii ina moyo, na ina mtendaji. Kasoro yake ni upana. Shamba la karafuu la Pemba, ambako mwenye shamba alilipwa fidia baada ya 1897, si sawa na shamba la mtama nyuma ya Lindi. Ukidai Afrika Mashariki nzima, mfano mmoja wa Pemba unakuangusha.

La tatu: "Katika pwani ya Lindi na Mikindani, kati ya 1890 na 1922, utumwa ulimalizwa na watumwa wenyewe tu." Mahali papo, wakati upo. Tatizo ni lile neno "tu". Ofisi ya wilaya ya Mjerumani ilitoa hati za uhuru, na hati moja tu inatosha kuivunja sentensi yako.

La nne, na hili ndilo tungelipeleka kwa mhadhiri: "Ijapokuwa mkataba wa 1873 ulibana usafirishaji wa baharini, katika pwani ya Lindi na Mikindani utumwa ulikufa polepole kati ya 1890 na 1922 hasa kwa sababu watumwa walizitumia nafasi mpya za kibarua, hati za uhuru na kuhama, wala si kwa sababu dola yoyote ilikusudia kuumaliza." Neno "ijapokuwa" linampa mpinzani haki yake mapema. "Hasa" linaonyesha uzito bila kudai yote. "Nafasi za kibarua, hati za uhuru na kuhama" tayari ni sehemu tatu za insha yako. "Ilikusudia" ndipo bishano lilipo, na hapo ndipo utakapotokwa jasho, kwa sababu nia ya dola huwezi kuidai hivihivi, lazima uionyeshe kwenye amri zenyewe: wameruhusu nini, wamekataza nini, na wamemlinda nani. Zile siku mbili kwa juma za 1901, kwa mfano, ukizisoma upande wa pili zinasema kwamba siku zilizobaki bado ni za bwana, na serikali imeridhia. Usiogope kwamba wapo wanahistoria waliokwisha kutetea mtazamo unaokaribia huu. Watafute maktaba, uwasome, useme umekubaliana nao wapi na umeachana nao wapi.

Usiinakili sentensi hiyo. Mhadhiri atakuuliza neno mojamoja, na kama hukulichagua wewe hutaweza kulitetea. Ichukue njia, sentensi utunge yako.

Sasa ushahidi. Kunja ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika unaokuunga mkono, kulia unaokusumbua. Upande wa kulia ukibaki mtupu baada ya siku nne za kusoma, ama hujasoma vya kutosha ama dai lako ni jepesi mno. Kwa hoja hii, kulia tungetarajia kuona angalau hivi: bila manowari na mkataba wa 1873, watu wapya wangeendelea kupakiwa, bila ofisi ya kukimbilia, mtoro angerudishwa, na kodi ya nyumba ya 1898, ambayo ilikuwa amri ya dola, ndiyo iliyowasukuma wengi kutafuta fedha, kwa hiyo hata hicho kibarua kina mkono wa serikali. Hilo la mwisho ni zito. Usilifiche. Lijibu: dola ilitaka kodi na vibarua, haikutaka uhuru wa mtu, na uhuru ukapatikana pembeni kwa sababu watu waliukamata. Ama ukiona huwezi kulijibu, badilisha hoja kuu. Kubadilisha hoja kuu wiki ya pili ndiyo kazi yenyewe, wala usione haya.

Kila ushahidi muulize mwenyewe: nani anasema, kwa faida ya nani? Zile takwimu za forodha ya Unguja zinahesabu vichwa vilivyolipiwa ushuru. Waliokufa njiani kutoka Ziwa Nyasa hawamo, waliopitishwa kwa magendo hawamo. Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866 akapandisha upande wa Ruvuma, na shajara yake ina maelezo mazito ya aliyoyaona njiani. Lakini aliyeihariri na kuichapisha mwaka 1874, baada ya Livingstone kufa, ni Horace Waller, mwanaharakati wa kupinga biashara hiyo. Itumie, huku msomaji akijua imepita mikononi mwa nani. Taarifa za misheni ya Masasi, iliyoanzishwa 1876 na Askofu Edward Steere kwa watu waliokombolewa aliotoka nao Unguja kupitia Lindi, ni hazina kubwa kwa insha ya kusini. Soma humo waliokombolewa waliishi kwa kanuni za nani, nani aliruhusiwa kuondoka, na nini kiliwapata Wangoni walipovamia mwaka 1882. Kwa kweli Masasi peke yake inatosha insha nzima: je, misheni iliwapa uhuru au iliwapa bwana mwingine? Kama swali letu la kwanza linakuwia gumu kwa vitabu ulivyonavyo, hamia huku.

Usivisahau vya Kiswahili, wengi huviruka. Mjerumani Carl Velten alikusanya habari za miji ya pwani, zikiwemo za Lindi, Sudi na Mikindani, zikachapishwa mwaka 1907. Na mwandishi Mswahili, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliandika kwa kirefu juu ya desturi za watumwa na mabwana: wazalia (waliozaliwa utumwani hapohapo), wageni walionunuliwa karibuni, masuria, wanaolima na wanaopelekwa safari. Zingatia kwamba wanaosimulia mle ni waungwana. Mtumwa wa shamba anaelezwa, haelezi. Ukitaka kumsikia yeye, tafuta mahali alipolazimika kusimama mwenyewe, yaani kwenye mashauri na hati za uhuru. Nyaraka za Kijerumani zimo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Za makonseli zimo Nyaraka za Zanzibar. Kwa wiki tatu huwezi kwenda kote huko. Tumia zilizochapishwa, na useme wazi kwamba umezitumia zilizochapishwa.

Neno juu ya mwanahistoria Eric Williams, maana ukitaja mapinduzi ya viwanda utakutana naye. Kitabu chake cha 1944 kinahusu Uingereza na makoloni yake ya Karibi: biashara iliyopigwa marufuku 1807, utumwa uliofutwa kwa sheria ya 1833, na pauni milioni 20 walizolipwa wenye watumwa huku watumwa wakiambulia "uanagenzi", yaani kuendelea kumfanyia kazi bwana yuleyule kwa lazima, uliodumu hadi 1838. Hoja yake kwamba utumwa ulibanwa pale ulipopungua faida bado inabishaniwa na wanahistoria. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kuihamishia Kilwa kama ilivyo. Wakati Waingereza wanaisukuma Unguja kusaini, karafuu inayolimwa na watumwa ilikuwa inauzwa dunia nzima, na kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja ni jambo jingine kabisa na kupungua kwa sukari ya Jamaica. Mlinganishe Williams na hali yetu ukipenda, lakini onyesha wapi kinafanana na wapi hakifanani.

La mama mkubwa wako: msikilize. Anajua anachokisema. Katika miji yetu mtu kuambiwa nasaba yake mbele za watu kunaweza kuharibu ndoa au kufukua shauri la shamba. Wiki tatu hazitoshi kujenga uaminifu wa kuuliza mambo hayo, na hoja yako haiyahitaji. Ukitaka masimulizi, uliza juu ya kazi na ardhi: wazee walisikia nani alilima wapi, malipo yalikuwaje, watu walihamia mtaa huu kutoka wapi, nani alibeba mpira wa porini kuupeleka Lindi. Omba ruhusa kwanza, usiandike jina la mtu wala la ukoo, na asiyetaka kuendelea mwachie hapohapo. Halafu yatumie kwa uzito wake: kinachosimuliwa leo na kitukuu ni ushahidi wa namna jambo linavyokumbukwa, haukuthibitishii peke yake kilichotokea 1895. Majengo nayo hivyohivyo. Ukionyeshwa nyumba ya zamani, Mikindani au Kilwa Kivinje, ukaambiwa ndilo soko la watumwa, uliza imejengwa lini kabla hujaiingiza kwenye insha. Nyumba iliyojengwa baada ya soko kupigwa marufuku haiwezi kuwa shahidi wa mnada.

Maneno 2,500 yagawe hivi: utangulizi 250, hoja kuu ikiwa sentensi ya mwisho ya aya hiyo, 300 za kueleza tarehe na yale mambo matatu uliyoyatenganisha, sehemu tatu za 500 kila moja, 300 za hoja kinzani katika sura yake yenye nguvu kabisa, na 150 za kumalizia. Sehemu ya hati za uhuru ndiyo ngumu, ianze mapema. Kila aya ianze kwa sentensi inayodai kitu, isianze kwa tarehe. Ukimaliza, soma sentensi za kwanza za aya zako zote mfululizo, bila mengine. Zikisomeka kama bishano linalosonga mbele, uko salama. Zikisomeka kama kalenda, umerudi kwenye 38.

Wiki ya kwanza soma na ujaze lile daftari la safu mbili. Ikifika Ijumaa, mpelekee mhadhiri karatasi moja tu: hoja kuu yako, kinyume chake, ushahidi mitatu wa kushoto na miwili mikali ya kulia. Usimwulize kama ni sahihi. Mwulize angeishambulia wapi.